Nani Anashika Utashi wa Mhusika? Michezo Sita kwa Kishawishi Kimoja

Sudi ameacha kamari mwaka wa tatu sasa. Usiku huu amepewa lindo la lango, wenzake wamelala, na mzigo walioaminiwa umo ndani. Saa nne hivi mlinzi mwenzake anatandika gunia chini, anachanganya karata, anamtupia jicho. "Mkono mmoja tu, kaka. Usiku wenyewe mrefu."

Sudi hayupo duniani. Yupo kwenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli, na mwenye karatasi ni rafiki yangu aliyekaa ng'ambo ya meza akitafuna karanga. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo huyo mlinzi mwenye karata ni sauti yangu. Sasa nani anaamua kama Sudi atakaa chini acheze? Rafiki yangu? Mimi? Dadu?

Kwa aliyeingia sasa hivi: hii ni michezo ya kuigiza mezani, kwa maneno, bila jukwaa wala mavazi. Kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja wenu anasimamia na kuwasemea watu wengine wote waliomo kwenye hadithi, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu hurushwa. Michezo hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na leo iko mingi kuliko anayeweza kuicheza mtu mmoja. Wengi wetu huchagua kwa picha ya jalada au kwa kile ambacho rafiki alikuwa nacho kwenye simu. Mimi nimejifunza kuchagua kwa swali la Sudi, hasa kama meza inataka kugusa mambo ya watu wazima: mapenzi, ulevi, ukatili, usaliti, akili inayovurugika. Mchezo unaoshughulikia vizuri upanga na ngao unaweza kukuacha solemba siku mhusika anapotamani kitu asichopaswa kukitamani.

Basi nimempeleka Sudi kwenye michezo sita, akiwa na gunia lake na karata zake.

Dungeons & Dragons: utashi ni ngao

Hapa ndipo wengi huanzia, na hapa ndipo Sudi husahaulika. D&D inaujua utashi kama kinga dhidi ya uchawi. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliuita kwa jina lake kabisa, Will, likiuweka kuwa mmoja wa kinga tatu za mhusika. Toleo la tano la mwaka 2014 liliusukumia zaidi kwenye Wisdom, yaani busara. Mchawi akikutupia uchawi wa kukuvuta moyo, unarusha dadu ya pande 20, unaongeza ulichonacho, unalinganisha na namba yake. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye akili ya +3 ana namba 13. Sudi mwenye busara ya +1 anahitaji dadu ianguke kwenye 12 au zaidi, yaani nafasi 9 kati ya 20. Chini ya nusu.

Lakini karata za mlinzi si uchawi, kwa hiyo kanuni haina la kusema. Rafiki yangu akisema "Sudi anakataa," Sudi amekataa, twende mbele. Huo ni uhuru, sibishi. Ila haumgharimu chochote, na kishawishi kisichomgharimu mtu hakijamshawishi. Baada ya miezi kadhaa ya kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayoendelea kila mnapokutana, udhaifu wa Sudi unabaki kuwa mstari mmoja kwenye karatasi ambao hakuna anayeusoma.

Nitaje jambo jingine hapa kwa sababu hutokea sana kwenye D&D. Mchezaji anataka kutumia uchawi wa kuvuta moyo kumpeleka mtu kitandani. Meza inacheka, mtu anasema "limbwata hilo!" na kila mmoja ana kisa cha shangazi fulani na mume aliyelishwa. Simamisheni kicheko kidogo. Kumwondolea mtu hiari kisha kulala naye, kwa dawa au kwa uchawi, ni ubakaji, na kwenye meza yangu halifanyiki, na nalisema kabla ya dadu ya kwanza kurushwa. Isitoshe, kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: aliyevutwa hawezi kumshambulia aliyemvuta, na aliyemvuta anapata wepesi wa kuongea naye. Haisemi kwamba amekuwa mtumwa.

GURPS: udhaifu una bei

Steve Jackson alitoa GURPS mwaka 1986, na toleo la nne la mwaka 2004 lina mpango wa kujizuia ambao mhasibu angeupenda. Unapotengeneza mhusika unauza udhaifu wako. Kamari isiyozuilika inakupa pointi 5 za kununulia vitu vizuri mahali pengine. Kisha unachagua namba ya kujizuia: 15, 12, 9 au 6. Kishawishi kikija, unarusha dadu tatu za kawaida, na jumla isipozidi namba yako umejizuia.

Hesabu yake inafaa kuonwa. Mwenye 15 hujizuia mara 95 kati ya 100. Mwenye 12, mara 74. Mwenye 9 anashuka hadi 37 na nusu, na mwenye 6 ni mara 9 tu. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo malipo yanavyopanda: 15 hulipa nusu ya bei, 12 bei kamili, 9 bei moja na nusu, 6 mara mbili. Sudi wa 6 amepata pointi 10, na karibu kila usiku wenye karata ni usiku wa kucheza.

Kuna faida moja ambayo haiandikwi kwenye tathmini za Wazungu: dadu zake ni za ludo. Huna haja ya kuagiza dadu za pande 20 wala kuhangaika na programu za simu. Kanuni fupi, GURPS Lite, zina kurasa 32 na ni za bure.

Kasoro yake huonekana mezani, haionekani kitabuni. Mchezaji alipokea malipo siku ya kwanza, akanunua upanga mzuri, na sasa deni linapodaiwa ananuna. Halafu mpango huohuo unatumika kwa hasira, uroho, na tamaa ya kimwili. Kamari haina shida. Lakini dadu zikimwamuru mchezaji wa kike aigize tamaa mbele ya wanaume wanne asiowazoea, kwa sababu tu alichukua pointi wiki iliyopita, mpango umekuwa mgumu kuliko watu unaowahudumia. Chukua GURPS kama udhaifu mnaotaka kuucheza ni wa mfukoni na mezani: fedha, chakula, kiburi, kamari. Kwa mambo ya mwilini tafuta pengine.

Pendragon: utashi ni mazoea

Huu ndio ninaoupenda, na nitakaa hapa kidogo.

Greg Stafford aliutoa mwaka 1985. Unacheza naiti, yaani shujaa mpanda farasi, wa zama za Mfalme Arthur huko Uingereza, na karatasi yako ina jozi 13 za tabia zinazovutana: huruma na ukatili, unyenyekevu na kiburi, kusamehe na kulipa kisasi, usafi wa kimwili na ashiki, hadhari na pupa, na kadhalika. Kila jozi jumla yake ni 20. Huruma yako ikiwa 14, ukatili wako ni 6, na huwezi kuusukuma mmoja bila mwenzake kurudi nyuma. Tabia ikifika 16 watu wanaanza kukujua kwa hiyo, na msimamizi anaweza kukudai urushe dadu badala ya kuamua mwenyewe. Ikiwa katikati, hiari ni yako.

Tuseme pupa ya Sudi ni 16, basi hadhari yake ni 4. Mlinzi anachanganya karata. Dadu ya pande 20 ikianguka kwenye 16 au chini, Sudi ameketi: 80%. Ikizidi, anarusha ya hadhari, na hapo 4 au chini inamzuia. Zote mbili zikikataa, mwenye Sudi anaamua apendavyo. Ukipiga hesabu, mara 4 tu kati ya 100 hadhari itamwokoa kwa nguvu ya dadu, na mara 16 rafiki yangu atabaki na uamuzi mkononi. Hizo mara 16 ndizo tamu. Mchezaji hukaa kimya, karanga zimesimama mdomoni, kwa sababu kwa mara ya kwanza kukataa kuna uzito.

Na namba hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Ukifanya jambo la pupa kwa dhati, unaweka alama. Majira ya baridi yakifika, maana mchezo huu huhesabu miaka kweli, unarusha kuona kama tabia imepanda. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na hapa taabu hiyo ina safu yake kwenye karatasi. Naiti aliyeanza akiwa mtu wa kawaida anaweza kuamka baada ya miaka kumi ya hadithi akakuta amekuwa mtu asiyeweza kupita penye karata, na akikumbuka nyuma anaona kila usiku uliomfikisha pale.

Majira hayohayo ya baridi ndiko mambo ya utu uzima yanakotokea, tena kwa sitara. Watu wanaoa. Watoto wanazaliwa, wengine wanakufa kabla ya kutembea. Unazeeka, mwanao anachukua ngao. Hakuna anayelazimika kueleza kilichotokea chumbani: dadu inasema mtoto amepatikana, na heshima ya kila mtu ipo palepale. Kama mezani kuna shemeji yako, utauona uzuri wa jambo hili.

Shida ya Pendragon ni kwamba umefungwa na dunia yake. Maadili yale ya kinaiti na Ukristo wa zamani yamechomwa ndani ya kanuni, na kuhamisha jozi zile mahali pengine kunataka kazi. Niliwahi kuandika jozi zangu kwa kampeni ya mabaharia wa pwani, nikaweka subira na haraka, sitara na umbea. Ilifanya kazi mpaka tulipofika kwenye ukarimu na ubahili. Hakuna aliyekubali mhusika wake aandikwe bahili hata namba 5.

Call of Cthulhu: utashi unaokwisha

Sandy Petersen na kampuni ya Chaosium waliutoa mwaka 1981, na mpaka leo ndio mchezo wa kutisha unaotajwa kwanza. Unaanza na akiba ya akili timamu, ambayo katika toleo la saba ni sawa na nguvu yako ya ndani, wastani kama 52 kati ya 99. Kila unapoona lisiloonekana unarusha dadu za mia, zinazotoa namba kutoka 1 hadi 100. Ukifaulu unapoteza kidogo au hupotezi kabisa. Ukishindwa unapoteza zaidi. Mla maiti wa makaburini huchukua hadi 6. Cthulhu mwenyewe, zimwi lililoupa mchezo jina, anaweza kuchukua hadi 100, maana yake kila kitu ulichonacho.

Ukipoteza 5 au zaidi kwa mpigo, unarusha dadu ya uelewa, na hapa kuna ukatili mzuri wa kiuandishi: ukifaulu ndipo unapovurugikiwa, kwa sababu umeelewa ulichokiona. Mjinga anapona. Wakati wa mvurugiko, msimamizi anaweza kumshika mhusika wako akakuambia alichofanya.

Sudi na karata zake? Hakuna kitu. Akitaka anacheza, asipotaka hachezi. Mchezo huu haujali vishawishi vidogo vya binadamu, unajali hofu.

Mimi nina matatizo mawili nao kwa meza zetu. La kwanza ni la maneno. Kwa Kiswahili, ukimtangaza mhusika "kichaa" au "mwehu" umeleta tusi la mtaani mezani, na kuna anayekusikiliza ambaye kaka yake huitwa hivyo kila siku. Sisi husema amezidiwa, au amevurugikiwa, basi. La pili: hadithi zake zimeandikwa kwa watu ambao pepo kwao ni burudani. Nilisimamia usiku mmoja wenye mganga, kafara na viungo vya watu. Dada mmoja alikunja karatasi yake taratibu, akasema kesho ana kazi mapema. Nilielewa nikiwa naosha vikombe. Tanzania watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za aina hiyo, si hadithini, na mimi nilikuwa nimepanga jambo hilo kama pambo la kutisha.

Ukitaka mchezo unaoujua moyo uliopigwa, kuna Unknown Armies wa John Tynes na Greg Stolze, wa mwaka 1998. Una vipimo vitano tofauti: ukatili, yasiyo ya kawaida, unyonge wa kukosa la kufanya, upweke, na nafsi yako mwenyewe. Kila kipimo kina njia mbili. Unaposhindwa, kovu linaingia. Unapofaulu, unakuwa sugu, na usugu ukijaa nao ni ugonjwa: umeona damu mpaka haikugusi tena, na pamoja na hofu umepoteza watu wako. Sijaona kanuni nyingine inayokubali kwamba kushinda woga mara nyingi mno kuna gharama.

Vampire: utashi ni pesa mfukoni

Vampire: The Masquerade ulitoka mwaka 1991, kazi ya Mark Rein-Hagen, na toleo la tano likaja mwaka 2018. Wahusika ni wanyonya damu wanaojaribu kubaki watu. Huu ndio mchezo ambao neno utashi limeandikwa juu ya karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na viduara vya kujaza.

Katika toleo la tano, utashi wako ni jumla ya utulivu na uthabiti. Ukitumia pointi yake moja, unaweza kurusha upya hadi dadu tatu. Isipokuwa dadu za njaa, hizo hazirudiwi. Njaa inapanda kutoka 0 hadi 5, na kila ngazi inabadilisha dadu moja ya kawaida kuwa dadu ya njaa, kwa hiyo kadiri unavyokaa bila kunywa ndivyo mnyama aliyemo ndani anavyopata kura nyingi kwenye kila unalofanya.

Sasa tazama ujanja. Siku mnyama anapopanda kichwani, unajizuia kwa dadu za utashi uliobaki, pamoja na theluthi ya ubinadamu wako. Uliobaki. Sudi aliyetumia utashi wake magharibi ili ashinde mabishano na bosi, anafika saa nne usiku mfuko mtupu. Aliyewahi kukaa foleni siku nzima kisha akarudi nyumbani akamfokea mtoto kwa kikombe kilichovunjika anaujua mpango huu bila kusoma kitabu.

Vampire pia hulazimisha mazungumzo ambayo michezo mingine huyaacha pembeni. Kabla ya kuanza, meza inakubaliana ni matendo gani yatachafua ubinadamu katika hadithi hii, na kila mhusika ana imani zake binafsi na watu hai wanaomkumbusha utu. Kitabu kina sehemu nzima ya kucheza kwa kujaliana.

Kitabu kuwa na sehemu hiyo hakukuwalinda wenyewe. Mwaka huohuo wa 2018 kitabu kimoja cha mfululizo huo kilichukua mateso halisi ya mashoga huko Chechnya, Urusi, kikayafanya kuwa hila ya wanyonya damu. Watu walichukia, na kwa haki: walioteswa walikuwa hai, na waliowatesa walipewa kisingizio cha kubuni. Sehemu hiyo iliondolewa, na White Wolf, waliokuwa wakitoa mchezo, hawakuachwa tena wajiendeshe wenyewe chini ya Paradox, wamiliki wao. Kila ninapofikiria kuweka hadithi Eldoret mwanzoni mwa 2008, au Kigali 1994, nalikumbuka tukio hilo nafunga daftari. Labda kuna msimamizi anayeweza. Si mimi.

Fate: utashi ni biashara

Fate Core ya mwaka 2013, kutoka Evil Hat, haina namba ya utashi wa kupinga vishawishi vya namna hii. Ina sentensi. Unaandika mhusika wako kwa maneno: "Nimeacha kamari, nadhani." Msimamizi anachukua kipande kimoja cha kete, anakisogeza katikati ya meza, anasema: karata hizi zinakuita, ukikaa lango litabaki wazi. Ukikubali, kete ni yako, na utaitumia baadaye pale unapotaka kung'ara. Ukikataa, unalipa kete moja kutoka kwako. Kwa kawaida unaanza na tatu.

Angalia kilichotokea. Dadu haikurushwa. Mchezaji ameamua kila kitu, na bado kukataa kumemuuma. Rafiki yangu mwenye Sudi, ambaye kwenye D&D alikataa kila kishawishi kama mtakatifu, kwenye Fate alikuwa akinisogelea mwenyewe: "Bwana, hivi hakuna mtu mwenye karata hapa?" Kanuni inaruhusu, unaweza kujishawishi mwenyewe. Alihitaji kete.

Kwa mambo mazito ninaona hii ndiyo njia salama kuliko zote sita, kwa sababu hakuna anayeamrishwa. Mtu asiyetaka kuigiza ulevi leo, maana baba yake yuko hospitalini kwa ini, analipa kete na hadithi inapita. Hakuna aliyemuuliza. Hasara yake ni kwamba kila kitu kinakuwa biashara, na wachezaji wajanja huanza kuuza udhaifu wao kwa bei nzuri kama wauza machungwa stendi. Hofu ya kweli, ile ya kupoteza usukani, huipati. Kitabu chake unaweza kukipata kwa bei unayochagua mwenyewe, na dadu zake unaweza kuzitengeneza kwa dadu za ludo: 1 na 2 ni kutoa, 3 na 4 ni tupu, 5 na 6 ni kujumlisha.

Pale ambapo mchezaji mmoja anamshawishi mhusika wa mwenzake, uigeni Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker, wa mwaka 2010. Dadu mbili. Zikinyooka vizuri, anayeshawishiwa hupata manufaa akikubali, na hukutana na ugumu akikataa. Zikiwa za wastani, ni kimoja tu kati ya hivyo viwili. Atakachofanya ni chake. Nimeona ugomvi mwingi wa mezani ambao kanuni hii ndogo ingeuzima.

Nje ya kanuni: mipaka, mapazia na haya

Hakuna namba kwenye karatasi itakayojua kwamba mmoja wenu amefiwa mwezi uliopita. Kwa hilo kuna vifaa vingine, na navyo vinatofautiana.

Mipaka na mapazia ni wazo la Ron Edwards la mwaka 2003. Mpaka ni jambo lisiloingia kabisa kwenye hadithi. Pazia ni jambo linalotokea lakini hatulitazami. Mlango unafungwa, tunakutana asubuhi. Kwetu pazia halihitaji kufundishwa. Tumelelewa na sitara, na hadithi zetu za usiku zote zinajua mahali pa kusema "basi wakalala." Kilicho kigumu kwetu ni mpaka, kwa sababu kuutaja mpaka ni kulitaja jambo lenyewe, na mdogo hatalitaja mbele ya mkubwa.

Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos mwaka 2013, iko katikati ya meza. Anayetaka jambo likomeshwe anaigusa, na hakuna anayemuuliza sababu. Nzuri sana, kwenye meza ya watu walio sawa. Meza yetu ina binamu, ina bosi wa mtu, ina mwalimu wa zamani wa mtu. Nimeweka kadi ile mwaka mzima na haikuguswa hata mara moja, na usiku wa yule mganga ilikuwa palepale, karibu na kahawa. Hakuna anayetaka kuwa mtu aliyesimamisha wakubwa. Kinachofanya kazi kwetu ni mambo mawili. Kabla ya kampeni kila mtu anaandika asiyoyataka kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina, anakitumbukiza kwenye bakuli, nasoma mimi peke yangu. Na katikati ya mchezo mtu yeyote anaweza kusema "chai," tukainuka. Chai haina lawama. Tukirudi naanzia pengine. Anayetaka orodha iliyokwisha kuandaliwa atazame Consent in Gaming ya Monte Cook Games, ya mwaka 2019, ambayo ni ya bure na ina fomu ya kujaza kwa rangi za kijani, njano na nyekundu.

Ukinibana nichague leo: kwa meza mpya yenye watu wasiozoeana ni Fate, na kwa watu wanaokutana mwaka mzima na wanaovumilia manaiti ni Pendragon. Vampire ni ya watu wanne mnaoaminiana mpaka kwenye simu. Call of Cthulhu ni ya usiku mmoja, na uisome hadithi yote kabla ya kualika mtu.

Lakini najua wengi wenu mna D&D na hamwendi popote; sehemu kubwa ya kanuni zake za toleo la tano ziko huru chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, na kuwashawishi watu watano wajifunze mchezo mpya ni kazi kuliko kuua joka. Basi fanyeni hivi. Toleo la 2014 lina kitu kinaitwa Inspiration, ambacho msimamizi humpa mchezaji aliyeigiza udhaifu wake, na hukitumia kurusha dadu mbili na kuchukua bora. Karibu kila meza hukisahau. Kitoe kama Fate inavyotoa kete: kiweke katikati, taja karata, taja lango, ngoja. Sharti lake ni moja tu linalosumbua, huwezi kuwa na zaidi ya kimoja kwa wakati, kwa hiyo mchezaji aliyekwisha kupata hana sababu ya kukubali tena. Sisi tumeongeza hadi vitatu. Wiki iliyopita Sudi aliketi kwenye gunia, lango likabaki wazi, mzigo ukaibwa, na rafiki yangu alichukua kile kipande chake akakitia mfukoni mwa shati akicheka, wenzake wanne wakimtazama kama aliyekula nauli ya msiba.